Kibao cha Shingoni

Juzi pale Kashaulili nilimwona mwanafunzi amevaa kibao shingoni, adhabu ya kuongea lugha isiyo Kiingereza. Nikakumbuka harufu ya maziwa ya mgando.

Nilikuwa kidato cha kwanza, shule ya Kabungu. Mchana ule mama alikuja na kibuyu cha maziwa, kanga yake inanuka moshi wa zizini. Akaniita dirishani kwa Kisukuma, kwa sauti ile ya kuitia ng'ombe. Darasa zima likageukia dirishani. Mwenzangu aliyekuwa na kibao alinitazama, akingoja nikosee anivishe mimi. Wakati huo niliamini anayekivaa ndiye mjinga kuliko watu wote. Nikasimama, nikamjibu mama kwa maneno tuliyokaririshwa ya kupokelea wakaguzi: "Good afternoon, our visitor."

Mgeni wetu. Mama yangu mzazi.

Hakuelewa hata neno moja. Aliweka kibuyu dirishani, akaondoka taratibu.

Jioni nilimkuta akimwambia jirani, "Binti yangu kaniongelesha Kizungu mbele ya wenzake!" Akanigeukia, uso umejaa furaha. "Hivi ulisemaje, mwanangu?"

"Nilisema, huyu ni mama yangu."