Mgeni Wetu Debe na Ndoo ya Kisima

Harufu ya machicha ya nazi yaliyolala na kuanza kuchacha hunirudisha nyumbani kabla sijajua kwamba nimekwenda. Hunijia nikipita nyuma ya vibanda vya chakula pale Kombani, asubuhi, wanawake wanapokamua tui, na papo hapo ninajiona nikiwa na umri wa miaka tisa, nimeinama kwenye ua wa minyaa uliotenganisha shamba letu na la Bi Mwanatumu, nikiokota bakuli la machicha aliloliacha chini. Wazazi wangu walikuwa wametoka Ukambani wakapata ekari chache kwenye ardhi ya makazi, bara kidogo kutoka Msambweni, mahali ambapo udongo ni mwekundu na hewa ya bahari hufika ikiwa imechoka. Sisi tulikuwa Wakristo, na Bi Mwanatumu alikuwa Mdigo, Mwislamu mshika dini, mkunga aliyewapokea nusu ya watoto wa kijiji kwa mikono yake miwili. Kisima kilikuwa upande wake, ila kilitumiwa na sote.

Mwaka huo baba, aliyekuwa seremala katika hoteli moja huko Galu, alipewa nguruwe jike mchanga na rafiki yake wa kanisani. Kabla ya kumleta alivaa shati lake la Jumapili akaenda kwa Bi Mwanatumu, nami nikafuatana naye. Walisalimiana kwa muda mrefu, wakaulizana habari za mvua na za wagonjwa, na baba alipomaliza kueleza shida yake, yule bibi alitazama chini akawaza. Kisha akasema, "Ardhi ni yenu, baba, na dini ni yenu. Huyo mgeni wenu mjengeeni mbali na kisima, upande ambao upepo hautuletei harufu yake. Awe na ndoo yake. Ndoo ya kisima isimkaribie, na ndoo yake isishuke kisimani. Sina jingine." Tangu siku hiyo hakulitamka jina la mnyama yule hata mara moja. Alikuwa mgeni wetu. Sisi tulimwita Debe, kwa sababu ya tumbo lake, na kwa sababu alikuwa akiligonga debe la chakula kwa pua hadi majirani wote wakajua kwamba hajala.

Kuhusu machicha, ilieleweka kwamba yalikuwa ya kuku. "Haya ya kuku wenu," Bi Mwanatumu alikuwa akisema kila asubuhi, akiliweka bakuli kwenye mpaka na kurudi nyuma hatua mbili. Tulikuwa na kuku watatu, mmoja wao kipofu. Siku moja aliniangalia nikiliinua bakuli lililojaa hadi ukingoni, akasema bila kucheka, "Kuku wenu wanakula kama wapagazi wa bandarini." Mama, aliyekuwa akipalilia karibu, alilazimika kujifunika uso kwa kanga.

Debe alipopandwa, rafiki wa baba alituambia kwamba tutasubiri miezi mitatu, wiki tatu na siku tatu. Baba alianza kuchora mistari ya mkaa kwenye mlango wa jiko, nami niliikagua kila nilipotoka shuleni, kana kwamba ingeweza kuongezeka nikiwa sipo. Nilimpenda yule nguruwe kwa namna ambayo bado siwezi kuieleza kwa ufasaha. Alikuwa akijilaza ubavu nikimkuna nyuma ya masikio, akafumba macho yenye kope nyeupe, akaguna taratibu. Lakini nilijua pia jambo ambalo watu wazima walilisema kwa sauti ya chini: baba alikuwa amesema kwamba uzao wa kwanza ukipotea, Debe atakwenda kwa wachinjaji, kwa kuwa hatuna machicha ya kumlisha mnyama asiyezaa. Kwa hiyo sikuwa ninahesabu siku za watoto tu. Nilikuwa ninahesabu maisha ya rafiki yangu.

Siku ilipofika, ilikuwa Jumamosi ya mwezi wa tatu, kaskazi imekufa na mvua haijaanza, jua likiwa limekaa juu ya mapaa kama sufuria iliyofunikwa. Baba alikuwa kazini. Debe alianza kuzunguka bandani, akikusanya majani makavu kwa mdomo na kuyatawanya tena, akihema kwa nguvu, na mama, ambaye hakuwa amewahi kuona nguruwe akizaa, alisimama mlangoni akishika kichwa. "Ndanu, maji! Anaungua huyu!" Nilikimbilia ndoo ya Debe nikaikuta imepasuka, aliikanyaga katika kuzunguka kwake. Nikakimbia kisimani, na hapo sikufikiri. Nilivuta maji kwa ndoo ya kisima, nikaibeba pamoja na kamba yake hadi bandani, na kabla sijamwaga hata tone, Debe aliitumbukiza pua yake ndani na kunywa hadi nusu. Mengine nikammwagia shingoni. Kisha nikarudi kisimani na kuishusha tena ndoo ile ile. Nilifanya hivyo mara tatu. Mama alikuwa amepiga magoti, mgongo wake kwangu, wala hakuona ni ndoo ipi.

Kelele za Debe zilimfikisha Bi Mwanatumu kwenye ua. Hakuvuka. Alisimama nyuma ya minyaa, akatugeuzia mgongo, akaukaza ushungi wake, na kwa sauti ile ile ambayo nilikuwa nimewahi kuisikia ikitoka nyumba yenye uzazi, akauliza, "Mama Ndanu, wa ngapi?"

"Wawili, mama! Na anataka kuinuka, atawalalia!"

"Acha kupiga kelele basi. Mzazi wa mara ya kwanza huogopa, akikusikia unaogopa naye huogopa zaidi. Mpapase tumbo. Watoto wafute kwa kitu kikavu, uwaweke kwenye titi. Hao hawahitaji kuoga."

Mama alitii. Wa tatu akaja, wa nne, wa tano, na kila mara Bi Mwanatumu aliuliza idadi, akiwa bado ameitazama mihogo yake kana kwamba ndiyo inayozaa. Wa saba alitoka akiwa kimya, amelegea kama kitambaa kilicholowa. Mama akasema, "Huyu amekufa."

"Nani kakwambia? Msafishe mdomo kwa kidole. Mwinamishe kichwa chini. Msugue kwa gunia, kwa nguvu, usimwonee huruma. Sugua!" Mama alisugua. Kisha nikasikia sauti nyembamba kama bawaba isiyotiwa mafuta. "Alhamdulillahi!" Bi Mwanatumu akapaza sauti, kisha akajishika mdomo. "Astaghfirullah," akasema, na mabega yake yakaanza kutikisika kwa kicheko. Mama naye akacheka huku akilia. Watoto walikuwa tisa, wote hai, na Debe alikuwa amelala ubavu akiguna taratibu.

Ni katika furaha hiyo ndipo niliposikia Bi Mwanatumu akisema, "Haya, adhuhuri imenipita nusu. Ngoja nikatawadhe." Akaelekea kisimani. Sina hakika ni hatua ngapi alizokwenda. Nakumbuka nilivyowaza kwamba hakuna aliyeniona. Kwamba ndoo ilikuwa imekaa mahali pake, ni safi kwa macho. Kwamba nikisema, sharti litakuwa limevunjwa na Debe ataondoka na watoto wake wote tisa. Nilikuwa nimemfuata hadi kwenye minyaa, nikamwona akiinama na kuishika kamba. "Bibi," nikasema, "usitawadhe." Akageuka. Nikamweleza yote, mara tatu zote, na hata ile pua.

Hakunikemea. Aliiweka ndoo chini polepole, akakaa juu ya gogo akipangusa jasho, na kwa kitambo alionekana mzee kuliko nilivyomjua. Mama alikuwa amefika, uso wake umebadilika, akaanza kuomba radhi kwa maneno yaliyogongana. Bi Mwanatumu aliinua mkono kumnyamazisha. "Habari ya kisima nitamuuliza mwalimu. Ya ndoo ninaijua." Aliingia ndani akatoka na mtungi wake mwenyewe, maji yake ya kunywa, akanikalisha chini na kunionyesha namna ya kuitakasa ndoo: mara saba, na moja kati yake kwa udongo. Nilisugua ndoo, nikasugua kamba, nikasugua mikono yangu kwa ule udongo mwekundu hadi viwiko, naye akinimiminia maji na kuhesabu pamoja nami. Nilipokosea hesabu kwa sababu ya kulia, alisema, "Ya nne hiyo, mjukuu wangu, usiniibie." Ilipotimia saba aliigeuza ndoo juani, akatawadha kwa maji yaliyobaki mtungini, akaenda kuswali.

Baba aliporudi na kusikia, hakula. Alisema kwamba kesho atamrudisha Debe na uzao wake kwa yule rafiki, maana neno lake kwa jirani lilikuwa limeanguka. Asubuhi, kabla hajafungua banda, Bi Mwanatumu alikuwa kwenye mpaka. Mwalimu wa madrasa alikuwa amemwambia kwamba maji ya kisima ni mengi na hayakugeuka rangi wala harufu, watu waendelee kuteka. "Na mimi, baba Ndanu, sharti langu lilikuwa la ndoo. Ndoo imeoshwa, na aliyekosa amesema mwenyewe. Unamfukuza mzazi wa jana kwa lipi?" Alikuwa ameshika bakuli, nalo lilikuwa kubwa kuliko la siku zote.

Sasa nimehitimu chuo na ninafanya kazi na vijana kule Kwale mjini, katika mikutano ambamo maneno kama utangamano na kuvumiliana huandikwa kwenye karatasi kubwa na kubandikwa ukutani. Ninayaamini maneno hayo. Hata hivyo, nikirudi nyumbani ninaona mashamba yaliyozungushiwa kuta, na nyuma ya kuta hizo watu hufuga wanachotaka. Hakuna aliyeombwa ruhusa na hakuna aliyenyimwa, na watoto hawajui jina la bibi wa jirani. Wanaita hali hiyo amani. Mimi nilifunzwa amani iliyokuwa na kazi ndani yake, iliyoacha udongo chini ya kucha zangu.

Mwezi uliopita mama alisema kwamba anataka kufuga tena. Nilivaa vizuri nikaenda kwa Bi Mwanatumu, ambaye sasa hunitambua zaidi kwa sauti kuliko kwa macho. Nilimwamkia shikamoo, tukaulizana habari za mvua na za wagonjwa, kisha nikamwomba.

"Atakuwa na ndoo yake?" akauliza.

"Kisima kina pampu siku hizi, Bibi."

"Pampu naijua. Nimeuliza ndoo."

"Atakuwa nayo."

Akapapasa ukindu aliokuwa akiusuka. "Na hao kuku wenu," akasema bila kucheka, "bado wanapenda machicha?"