Kiwiko cha Mjomba

Mjomba wangu ni fundi wa mageti. Ukipita karakanani kwake mchana utamkuta amechuchumaa na miwani yake myeusi, cheche zikimrukia kama panzi, naye wala hashtuki. Sikuwahi kumsikia akiilalamikia kazi hiyo mpaka siku alipomwambia mama yangu, "Dada, maisha yangu yote natengeneza vitu vya kuwazuia watu wasiingie. Kabla sijazeeka nataka nitengeneze kimoja cha kuwaita."

Kitu chenyewe kilikuwa bembea ya kuzunguka. Aliichomelea jioni kwa jioni: ekseli ya lori bovu ikasimama katikati, mabomba yakatoka pande zote kama mikono, na mwisho wa kila mkono kikakaa kiti cha bati. Injini haikuwepo. Msukumaji alikuwa yeye mwenyewe. Akaipaka rangi aliyokuwa nayo, nyeusi ya mageti, akaomba nafasi kwenye tamasha la wikiendi linalofanyika uwanja wa mpira kila msimu wa joto.

Jumamosi ile jua liliamka na hasira. Mwenyekiti wa tamasha, bwana mmoja mwenye kofia na filimbi, akauliza kama viti vile havichomi. Mjomba akaweka kiganja juu ya kiti, akakiacha pale kwa raha zake.

"Baridi kama mtungi," akasema.

Watoto wa kwanza walipanda wakicheka. Hawakumaliza hata mzunguko mmoja. Walishuka wameshika makalio, wakilia kwa sauti moja. Muuza juisi wa kibanda cha jirani, mwanamke ambaye ulimi wake haujui mapumziko, akapaza sauti: "Jamani, leteni mafuta! Fundi kaleta kikaango!"

Kufikia adhuhuri uwanja mzima ulikuwa ukiiita Kikaango. Mwenyekiti akatoa neno lake la mwisho: Jumamosi moja tu zaidi, na mtoto akilia tena, fundi akusanye chuma chake na asirudi.

Nyumbani mjomba hakula. Alikaa akiitazama mikono yake.

"Lakini niligusa, dada. Kwa mkono huu huu."

Mama alikuwa akimwogesha mjukuu wake kwenye beseni. "Mkono upi? Huo ulishakufa zamani. Moto ukiupigia hodi, hauitikii."

"Usinitanie, nina uchungu."

"Sikutanii. Umewahi kuniona napima maji ya mtoto kwa kiganja? Kiganja cha mpishi kinaongopa, sembuse chako cha chuma." Akakunja mkono, akachovya kiwiko. "Hapa ndipo ngozi bado ina akili."

Mjomba akachovya chake. Akaruka. "Haya ni ya moto!"

"Ni vuguvugu, mdogo wangu," mama alisema, akicheka mpaka akaegemea ukuta.

Wiki hiyo mageti ya watu yalisubiri. Mjomba alikwangua weusi wote, akapaka nyeupe, akafunika viti kwa mbao. Mama alichukua mapazia ya zamani, mekundu na ya manjano, akayashona yakawa paa lenye pindo refu. Kila adhuhuri mjomba aliizungukia bembea juani akiwa amekunja shati, akigusisha kiwiko kiti baada ya kiti. Kilichomng'ata kiliongezwa ubao.

Jumamosi ya pili ilikuwa na joto kuliko ya kwanza. Hakuna jani lililotikisika. Tulikuwa tumepewa nafasi nyuma kabisa, karibu na vyoo, na bunda la tiketi nililoshika halikupungua hata moja.

"Kikaango kimerudi!" muuza juisi akatangaza. "Leo kimevaa kilemba!"

Wazazi wakacheka na kuwavuta watoto wao upande wa pili. Mjomba alikuwa bado anapima viti alipotokea mama, amevaa gauni lake la kwendea harusi za watu, akajipenyeza kwenye kiti kimoja.

"Dada, hicho ni cha mtoto."

"Kwani mimi sikuzaliwa? Sukuma."

Akasukuma. Taratibu, kisha mbio. Paa likajaa hewa, pindo likaanza kupigapiga, na mama akafumba macho. Halafu akapiga kelele iliyofika hadi golini: "Jamani! Huku kuna upepo!"

Siku kama ile, hilo halikuwa neno dogo. Alikuja mtoto mmoja, kisha dada zake, kisha baba yao aliyedai anawasindikiza tu. Mstari ukapita vyoo, ukapita kibanda cha juisi. Kila zamu mjomba alizunguka na kiwiko chake kabla mtu hajakaa, na punde watoto waliokuwa wakisubiri wakawa wamekunja viwiko vyao hewani, wakimpimia jua.

Ndipo kilio kikasikika. Mwenyekiti akaja mbio akipuliza filimbi. "Nani analia? Nani kaungua?"

Mtoto mmoja alikuwa ameng'ang'ania bomba kwa mikono na miguu, machozi yanamtiririka. "Sitaki kushuka!"

Watu waliangua kicheko. Mwenyekiti aliitazama bembea, akalitazama jua, akavua kofia na kukaa kiti cha pili. Kando yake akaja muuza juisi, anajipepea kwa sahani.

"Fundi, kikaango chako kina nafasi?"

"Ngoja kwanza," mjomba akasema, akainama, akagusisha kiwiko kwenye kiti chake kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. "Haya, kaa. Hakijaiva."

Mwenyekiti alishuka akiyumba, nywele zimesimama, filimbi imemhamia mgongoni. "Jumamosi ijayo sikutaki huku nyuma," alisema akihema. "Nataka watu wakuone wakiingia tu. Utakaa pale getini."

"Getini!" Mjomba alicheka mpaka akashika bomba. Kisha akakunja shati, akaanza kupima viti vya zamu iliyofuata.