Nyumba za samaki juu ya bati langu

Leo nimemkaribisha mgeni chai huku namwomba Mungu asiangalie juu.

Mgeni mwenyewe ni Mayo Kabula, mama yetu mwenyekiti wa kikundi chetu cha wavuvi hapa Kalemela.

Mnakumbuka ile dhoruba iliyofukia mawe ya ziwani, walikokuwa wanajificha vifaranga vya sato? Kikundi tukafyatua matofali ya zege yenye matundu, tuyazamishe yawe maficho mapya. Mimi nikapewa kazi ya kuyapeleka ziwani.

Manne hayakufika.

Bati langu lilikuwa linapigapiga kwa upepo, nikayapandisha kulikandamiza. (Jamani, nilisema ni siku mbili tu!)

Mayo kanywa chai taratibu. Kumbe kaja kunishukuru, eti nimejitolea kuliko wote!

Nikamsindikiza nje. Akainua macho.

"Yaache mpaka upepo upite," akasema. "Una watoto."

Bora angenitukana.

Maana bati lake yeye liling'olewa na dhoruba ileile. Mpaka leo analala chini ya turubai, na matofali yote tuliyafyatulia uani kwake. Hakujibakizia hata moja.

Nimeshayashusha. Nani ana mtumbwi kesho asubuhi?