Mei Isiyokwisha

Awoi alikuwa karani wa takwimu katika shirika moja la maji mjini Lodwar, na kazi yake kubwa ilikuwa kulinda runinga. Usicheke. Ilitundikwa mapokezi, ikijisasisha yenyewe kila saa, ikionyesha kwa mistari ya grafu kila kisima cha wilaya ya Loima kinatoa maji kiasi gani. Mstari wa kisima ukishuka, lori la maji linatumwa huko. Ukiwa juu, lori linalala.

Bosi wake, Barasa, alipenda mistari iwe juu. Mwezi wa Mei mvua ilinyesha, visima vikatoa maji ya kumwaga, na bwana mkubwa akaamuru tarehe za runinga zifungwe, ionyeshe Mei mosi hadi Mei thelathini na moja tu. "Wageni wa Nairobi wanakuja, Awoi. Waone kazi." Wageni wakaahirisha. Agosti ikaingia, jua linachoma mpaka mawe yanaomba radhi, na ukutani bado ni Mei.

Shangazi yake, Nabei, akapiga simu kutoka Lorugum, huko huko Loima, akaanza kwa salamu ya Kiturkana.

"Ejok, Awoi. Pampu imekufa, leo siku ya tisa. Lori liko wapi?"

"Shangazi, huku inaonyesha mna maji."

"Basi waletee mbuzi hiyo runinga wainywe!"

Awoi aliona aibu hadi masikioni. Mkono uliofunga zile tarehe ulikuwa wake. Alimwendea Barasa mara mbili, na mara zote akaambiwa angoje wageni waje na waende.

Wakaja Alhamisi. Mkubwa wao, Chepchumba, akasimama mbele ya runinga, Barasa akitabasamu mpaka magego yakaonekana. Liwalo na liwe, Awoi akajiambia. Akaketi kwenye kompyuta, akafuta Mei, akachagua siku saba zilizopita.

Mstari wa Lorugum ukaanguka mpaka sifuri.

"Mashine inasumbua," Barasa akasema upesi.

"Mashine ni nzima," Awoi akajibu. "Pampu ndiyo iliyokufa."

Chepchumba aliuliza lori liko wapi. Nusu saa baadaye lilikuwa njiani.

Jioni shangazi akapiga tena. Maji yamefika, asante mwanangu. Mbuzi sita hawakuyangoja.

Kesho yake wageni walipoondoka, Barasa akaja akinong'ona. "Sasa rudisha Mei."

"Nimebadilisha nywila, bosi. Nifute kazi kwanza, halafu utafute mwingine wa kuua mbuzi wa shangazi yangu."