Jeneza Ambalo Chujio Hakushuka Kuliona

Siku ile mjinga alikuwa yeye, na hataki mtu mwingine agombee cheo hicho.

"Andika hivyo hivyo," anasema, akivuta kiti. "Wengine walikuwepo, lakini mimi ndiye niliyeongoza."

Saa moja asubuhi, kwenye ofisi ya mizigo ya uwanja wa ndege, tayari ana kikombe cha chai iliyopoa kando ya kibodi. Wenzake wanamwita Chujio, kwa sababu kazi yake ni kuchuja majina. Hakuna mzigo unaopanda ndege kabla majina yaliyo kwenye karatasi zake hayajapita mbele ya macho yake.

Anaandika jina, anabonyeza, anasubiri. Kompyuta inalilinganisha na orodha za watu waliowekewa vikwazo na serikali: wauza silaha, wafadhili wa vita, wanaoficha fedha za wizi. Haitafuti jina linalolingana herufi kwa herufi tu. Inajua watu hugeuza mpangilio wa majina, huacha herufi hapa, huongeza nyingine pale. Mwishoni inatoa asilimia ya kufanana.

"Mjanja akibadili jina kidogo, jicho langu litadanganyika. Hiki chombo hakidanganyiki kirahisi," anasema, akikipigapiga kioo kama mtu anayesifu ng'ombe wake. Mwaka juzi kiliwashtua kuhusu vipuri vya mtu aliyekuwa ameyapindua majina yake yote, la mwisho likawa la kwanza. Vipuri havikuondoka.

Lakini kati ya majina kama mia nne anayopitisha kwa siku, ishirini hivi huwaka nyekundu, na karibu wote ni watu wa Mungu tu, wenye bahati mbaya ya kuitwa kama mtu mbaya.

"Chombo kinaniambia, mtazame huyu. Hakijaniambia, mfunge huyu. Kutazama ni kazi yangu."

Hapo sauti yake inashuka.

Ilikuwa Ijumaa alasiri, miaka minne iliyopita. Karatasi za jeneza zilifika mezani. Marehemu alikuwa amefia hospitalini, mbali na kwao, na baba yake alikuwa akimrudisha nyumbani. Majina matatu: lake, la baba, la babu. Asilimia mia moja. Nafasi ya mwaka wa kuzaliwa ilikuwa wazi. Aliyejaza karatasi aliiruka.

Chini ghalani, jeneza lilipokewa na mpimaji wa uzito, mwanamke ambaye kila mtu humwita Mama Mizani. Yeye na Chujio ni watani wa miaka mingi, haipiti siku bila kuchokozana. Chujio akampigia simu.

"Mama Mizani, kaa mbali na hilo jeneza. Una jambazi la kimataifa hapo!"

"Jambazi gani? Nimelibeba peke yangu. Shuka uone."

"Acha kujisifia nguvu, mama!"

Akacheka, akakata simu. Aliamini anataniwa. Akabonyeza kitufe cha kuzuia, akapeleka swali makao makuu, akavaa koti, akaenda zake nyumbani. Makao makuu hayafunguliwi Jumamosi wala Jumapili. Jibu lilikuja Jumatatu.

Asubuhi hiyo baba wa marehemu alipandishwa ofisini. Dereva wa lori, amevaa shati lile lile alilokuja nalo Ijumaa. Chujio akaanza kumweleza kwa upole habari za jina, za orodha, za mtu hatari wa nchi nyingine.

"Hatari?" baba akauliza. "Kaka, mwanangu alikuwa hajajua kufunga kamba za viatu."

Chujio hakumbuki alishukaje ngazi. Katika chumba cha baridi, jeneza lilikuwa juu ya meza. Mama Mizani alikataa katakata liwekwe sakafuni. Lilikuwa fupi kuliko meza.



Huko kwao, kaburi lilikuwa limechimbwa tangu Ijumaa. Mvua ikalijaza, wajomba wa mtoto wakachota maji, likajaa tena. Mama yake, aliyebaki nyumbani na kichanga, alishinda uwanja wa ndege wa huko siku zote tatu, kwa kuwa hakuna aliyeweza kumwambia wangefika na ndege ipi.

Chujio aliyajua hayo baadaye, alipompigia baba simu kuomba radhi. Baba alimsikiliza hadi mwisho, akasema, "Nimekusikia." Hakusema amemsamehe. Chujio hajathubutu kuuliza.

Utani bado upo, ila sasa Mama Mizani akisema shuka, Chujio anashuka. Na ana jambo moja analolipigania tangu mwaka ule: liwepo agizo la maandishi kwamba jina la marehemu likiwaka, mtu yeyote asizuie mzigo kabla ya kushuka kutazama, na wikendi awepo wa zamu wa kujibu.

"Nikistaafu, atakayekaa kwenye kiti hiki hatakuwa na aibu yangu ya kumkumbusha," anasema.

Wiki hii mkuu mpya wa kitengo amekubali kumsikiliza, wakiwa wamesimama ghalani. Anasikiliza vizuri tu, kisha anatazama saa yake.

"Wazo zuri, mzee wangu. Lakini ndege haimngoji mtu. Kushuka na kupanda tena ni dakika kumi. Nani ana dakika kumi hapa?"

Chujio anafungua mdomo. Mama Mizani, bado ameinamia mizani yake, anamtangulia.

"Yule mtoto alitungoja siku tatu, bosi, na hakulalamika."