Miunganisho ya Shangazi

Dada wa mume wangu namwita Shangazi, kwa niaba ya mwanangu ambaye bado hajui kusema. Anaishi nasi, chumba cha mbele, chenye meza, kompyuta mbili na kiti ambacho mtu mwingine akikikalia, yeye hukifuta. Ana miaka arobaini na moja. Hapendi kelele, hapendi sukari, hapendi simu. Simu yake ikiita huitazama mpaka inyamaze, kisha husema, "Amechoka," na kuendelea na kazi.

Kazi yenyewe ilinichukua mwaka mzima kuielewa. Ameandika maktaba. Nilipoolewa nilidhani ni vitabu, nikatafuta viko wapi nivipanguse vumbi. Kumbe ni programu iliyoandikwa kwa lugha inayoitwa C, herufi moja tu, na programu nyingine za ofisini kwao huitumia kupeleka ujumbe kutoka kompyuta hii hadi ile. Zahanati ikitaka kumkumbusha mama tarehe ya chanjo, ujumbe unapita humo. Mimi mwenyewe nimewahi kukumbushwa hivyo. Nilimwonyesha ule ujumbe kwa furaha, akausoma, akasema, "Umechelewa sekunde nne."

Siku moja nilikuwa nanyonyesha mlangoni pake, akaamua kunieleza.

"Ili ujumbe upite lazima kuwe na muunganisho. Muunganisho mmoja unaweza kushikwa na wengi. Kila anayeushika, naongeza moja. Akimaliza anauachia, napunguza moja. Hesabu ikifika sifuri, hakuna anayeuhitaji, programu inautupa na nafasi yake inarudi."

"Na mtu asipouachia?"

"Unakaa milele. Hautumiki na hautupwi."

"Na akiuachia mara mbili?"

Akaniangalia kama nimemuulizia hali ya mgonjwa. "Unatupwa wakati mwenzake bado ameushika. Hapo kila kitu kinaanguka."

Hata pampu ya uani ni yeye aliyeiwekea utaratibu. Tuko familia tano, pampu moja. Zamani mtu akishajaza ndoo yake alikuwa anaizima, na mwenzake yuko bafuni na povu kichwani. Shangazi akafunga waya kando ya swichi, akaweka kopo la vibanio vya nguo. Ukianza kuchota unabana kimoja kwenye waya. Ukimaliza unakitoa. Atakayetoa cha mwisho ndiye anayezima. Aliwaeleza wapangaji mara moja, dakika mbili, akarudi ndani. Mama Pacha wa chumba cha pili aliuliza kama kila mtu ana rangi yake. Hakujibiwa.

Mwezi uliopita mambo yalimharibikia. Kila siku ya tatu kompyuta kubwa ya ofisini ilijaa na kuzimika. Wakiiwasha upya inapona, siku ya tatu inalala tena. Ndani yake walikuta maelfu ya miunganisho isiyo na mtu, na hesabu yake haijafika sifuri. Mkuu wake alimpigia simu, na kwa kuwa hapokei, akampigia mume wangu, mume wangu akampelekea dada yake simu sikioni. Maneno yalikuwa machache. Kosa lipatikane kabla ya Ijumaa saa sita mchana. La sivyo ofisi italeta maktaba ya watu wengine, na Shangazi atahamia dawati la kupokea simu za wateja.

Alirudisha simu akiishika kwa vidole viwili.

"Si kazi mbaya, dada," mume wangu akasema. "Unakaa tu, unaongea."

"Ndiyo," akasema Shangazi. "Unaongea."

Jumatatu na Jumanne alisoma programu yake mstari kwa mstari, maelfu ya mistari aliyoiandika mwenyewe. Nilimpelekea chakula, akakimaliza. Nilimuuliza kilikuwaje. "Kilikuwa chakula," akasema. Niliona shingo yake imekakamaa, nikamkanda kidogo kwa mkono mmoja, mtoto nikiwa nimembeba kwa mwingine. Hakunizuia. Hapo nikajua hali ni mbaya.

Jumatano mchana tukasikia pampu inavuma vibaya, kama inakohoa. Tangi lilikuwa tupu na pampu inazunguka bure. Kwenye waya kulikuwa na kibanio kimoja cha manjano.

"Cha nani hiki?" Fundi cherehani, mpangaji mwenzetu, alikuwa ameshazima swichi, futi yake ikiwa bado shingoni. "Pampu ikiungua mtakunywa vibanio?"

"Mimi usinitazame," akasema Mama Pacha.

"Nani kakutazama?"

"Jicho lako hilo hapo, mimi nimelikodi?"

"Mama Pacha, mguu wako umelowa."

Mama Pacha akautazama mguu wake kama wa mtu mwingine. "Haya, ni changu. Lakini sikukosea. Utaratibu unasema ukimaliza unatoa. Mimi sikumaliza! Ndoo imepasuka kitako, maji yote miguuni, pacha mmoja ananicheka. Nikaondoka zangu. Wewe ndoo ikikupasukia utakumbuka kibanio? Muulizeni mwenye utaratibu wake."

Wote tukageuka. Shangazi alikuwa amesimama mlangoni, miwani imepanda kichwani. Fundi cherehani akajisogeza pembeni kupisha ugomvi.

"Una haki," Shangazi akasema, akaingia ndani.

Mama Pacha akanishika mkono. "Kanitukana?"

"Sidhani."

Nilimkuta Shangazi ameinama karibu na kioo cha kompyuta. Aliponiona akagusa mstari mmoja kwa kalamu. Siku zote mbili, akaniambia, alikuwa amewafuata wale wanaomaliza, na wote waliachia vizuri. Hakuwafuata wanaoshindwa. Mtandao ukikatika katikati ya kutuma, programu inatoka hapo hapo, haifiki kule chini inakoachia muunganisho.

"Nani aliandika hapa?"

"Mimi. Miaka sita iliyopita, Jumanne."

"Unaikumbuka?"

"Imeandikwa pembeni."

Basi Alhamisi asubuhi akaongeza kuachia kila mahali ambapo ujumbe unaweza kushindwa. Akaijaribu. Ilisimama sekunde mbili, ikaanguka.

"Mara mbili?" nikauliza.

"Mara mbili," akasema.

Ilikuwa hivi: kuna sehemu zilikuwa zinaachia tayari, na yeye kwa haraka akaziachisha tena. Akachukua karatasi, akaandika kila njia ambayo programu inaweza kutokea. Zilikuwa kumi na tisa. Aliniomba nimsomee namba, yeye atazame kwenye kompyuta. Mtoto akalala, akaamka, akanyonya, akalala. Kila njia tuliulizana: ameshika? Ameachia? Mara ngapi? Tulianza upya mara tatu kwa sababu hakuniamini mimi, na mara moja kwa sababu hakujiamini yeye. Ijumaa saa nne tukafika ya kumi na tisa. Akaipeleka ofisini.

Saa sita kasoro robo, simu ya mume wangu ilikuwa mezani imewekwa sauti ya juu, mkuu akiwa ofisini na Shangazi kwenye kiti chake. Jaribio lilikuwa rahisi kulieleza. Wafungue miunganisho elfu moja, watume ujumbe, kisha mkuu akate ghafla mtandao wa ujumbe huo. Yote ikiachiwa, hesabu irudi sifuri.

"Nakata," mkuu akasema.

Kwenye kioo namba ikaanza kushuka. Mia saba. Mia mbili na kumi. Arobaini. Shangazi alikuwa amekaa wima, mikono magotini, kama yuko studio ya picha. Tisa. Tatu. Moja.

Tukangoja. Moja.

"Dada," mkuu akasema. "Imebaki moja."

"Naiona."

"Saa sita imefika. Naona moja haijaachiwa."

Nilimtazama Shangazi. Alipepesa macho mara mbili, akasogea mbele, akaisoma karatasi yetu ya zile njia kumi na tisa kuanzia juu hadi chini. Kisha akaiweka chini.

"Mkuu, hiyo ni mimi."

"Wewe vipi?"

"Hili dirisha la kutazamia hesabu. Ili kuitazama, lazima lishike muunganisho mmoja. Hiyo moja ni mimi ninayetazama."

Kwa mbali kulisikika mtu akibonyeza vitufe.

"Sasa acha kutazama," mkuu akasema.

Shangazi akafunga dirisha. Kioo kikabaki cheupe, hatukuona kitu. Nilisikia mkuu akivuta pumzi, akisoma taratibu taarifa ambayo kompyuta kubwa hujiandikia yenyewe.

"Sifuri," akasema. "Na nafasi yote imerudi. Haya. Jumatatu ukae kwenye dawati lako."

"Lipi?"

"Lako, dada. Lako."

"Sawa," akasema Shangazi, akamkatia.