Mbao za Papa Chini ya Sakafu

Papa, baba yetu, alifika kutoka Opala na mbao ngumu za kutegemeza sakafu, akaanza kwa yaya, dada yangu mkubwa. Waume wetu walikuwa wafanyakazi wa serikali, na tulipakana katika nyumba za zamani za Wabelgiji, zilizoinuliwa juu ya nguzo fupi za matofali, mtu akiingia chini yake kwa kutambaa. Nguzo zangu ndizo zilizokuwa zikimeguka. Chumba cha watoto kiliinama hata mpira ukiuacha mlangoni unakwenda wenyewe ukutani. Kwa yaya sakafu ililia tu.

Wivu ukanikaba. Nikamfuata hukohuko, mbele ya shemeji, bila haya.

“Papa, mi si mutoto yako?”

“Mama,” akaniita kwa upole, “kwako chini iko potopoto. Nikiweka mbao leo, kesho itazama ndani ya matope. Maji itoke kwanza.”

Alisema kweli, lakini mwenye wivu hana masikio. Nilirudi uani kwangu nikasikiliza nyundo yake ikigonga kwa yaya, na kila pigo niliona ni mimi ninayetukanwa.

Alipomaliza akaja kwangu na koleo. Akachimba mfereji kuzunguka nyumba, kumbe hauna pa kumwagia, maana mtaro wa barabara ulikuwa umeziba. Ikabidi tungoje Jumamosi, siku ya Salongo, ile kazi ya lazima ya Chama tawala. Kwa kawaida majirani walifyeka majani ya mbele tu, palipoonekana na mkaguzi. Papa aliwabembeleza mpaka wakaingia mtaroni. Maji meusi yakatoka chini ya nyumba yangu yakinuka, nami nikayatazama kama mtu anayemwona jirani mbaya akihama.

Tangu hapo, kila asubuhi Papa alitambaa chini ya nyumba akamwaga majivu penye mguu wa kila nguzo. Majivu yakilowa, maji bado yapo. Siku yalipokauka aliingiza mbao zilizobaki, akaziweka juu ya mawe, na chumba cha watoto kikasimama sawa. Hata hivyo hakuondoka. Alikula lituma yangu ya ndizi za kuponda, akalala kwangu, na asubuhi akaendelea na majivu yake.

Yaya akaja, mikono kiunoni.

“Papa, kwangu ulipita tu. Mulango ya jikoni inakwama. Bon, huku kazi haiishe?”

Papa alikuwa amechuchumaa ukingoni mwa nyumba, nami nimeinama kando yake. Majivu yalikuwa meupe pe.

“Bado,” alisema, bila kunitazama. “Maji ingali iko.”

Yaya alirudi kwake amenuna. Nilifurahi mpaka nikaona haya, haya kidogo tu.